Jina Lisilosemwa Nyumbani

"Kelin, watoto uko nao?"

Nilikuwa nimeinama kwenye matuta ya viazi, jembe mkononi, kiuno kinaniwaka moto. Mavyaa wangu, ambaye sote tunamwita Apa, alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba na ndoo ya maziwa. Nikadhani ananitania. Apa ana utani wake mkavu, anakuchoma nao kisha anaenda zake.

"Nitakuwaje nao, Apa? Si uko nao wewe?"

"Mimi nilikuwa nakamua. Nilijua wamekufuata huku."

"Na mimi nilijua wako zizini kwako."

Tukatazamana. Ndoo ikamwinamia mkononi, maziwa yakamwagikia viatu vyake, na Apa si mtu wa kumwaga maziwa. Nililitupa jembe nikakimbia.

Mama yeyote wa bondeni kwetu mtoto akikosekana hukimbilia mtoni kwanza, na mimi sikuwa na akili kuliko wengine. Mto wetu unashuka kutoka kwenye barafu, unanguruma mchana kutwa, ukisimama kando yake hujisikii hata mwenyewe. Niliteremka nao nikiita, nikichungulia nyuma ya kila jiwe kama kuna nguo, nikiomba nisiione. Kuchuk alikuwa na miaka mitano. Jazgul alikuwa na miwili, na asubuhi ile nilimvalisha gauni jepesi na sweta ya kaka yake iliyomfika magotini. Msimu wa mavuno ulikuwa unakwisha. Wingu lilikuwa limekaa mlimani tangu alfajiri, na kila mtu alijua kwamba ni theluji inayongoja jioni. Baridi ya namna hiyo huua hata mwanakondoo aliye zizini.

Niliporudi, koo limekauka na viatu vimejaa maji, Apa alikuwa amekwisha kupekua ndani, zizini, ghalani, hata kwenye pipa la unga. Kisha akakunja gauni lake, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, akapanda juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, maana ni pale tu simu inapokamata, akawapigia wanaume.

Nyumba yetu imekaa peke yake upande huu wa mto. Kijiji kiko ng'ambo. Babamkwe alikufa zamani. Baba watoto yuko Urusi, anajenga maghorofa ya watu wengine. Alirudi msimu mmoja wa baridi, akaniachia mimba ya Jazgul, akaondoka kabla theluji haijayeyuka. Kwa hiyo nyumba ni ya Apa na mimi, watoto wawili, ng'ombe, na upepo.

Utaona siwataji watu kwa majina. Nivumilie. Sisi wanawake wa Kikirgizi tukishaolewa hatuyasemi majina ya wakubwa wa upande wa mume, wazima kwa wafu. Hakuna anayetushikia fimbo. Ulimi wenyewe unajifunga, na miaka ikipita jina haliji hata kichwani. Nao wakwe hawana haja na jina lako. Unaitwa kelin, mke wa mwana, basi, imetosha. Mwanangu wa kiume alipozaliwa, wanaume walikaa wakala nyama wakampa jina la babamkwe wa Apa, mzee aliyesifika bonde zima kwa farasi wake na kwa ukali wake. Hawakuniuliza. Wangeniuliza ningewaambia: mnampa mtoto jina ambalo aliyemzaa hawezi kumwitia chakula? Nikamwita Kuchuk, kitoto cha mbwa. Kwetu hilo si tusi, ni pendo, na tena jicho baya halihangaiki na mbwa. Apa naye akamwita hivyo hivyo, maana jina lile lilimfunga ulimi yeye kabla mimi sijazaliwa.

Wanaume walikuja upesi, nawashukuru. Walikuja juu ya farasi, wengine kwenye gari kuukuu, na mbwa wao. Aliyewaongoza ni binamu mkubwa wa mume wangu. Mimi namwita Shemeji Sharubu, na sharubu anazo kweli, zinaingia kwenye chai kabla ya midomo. Pamoja nao alikuwapo mzee Dooronbek. Huyu namtaja kwa sababu si wa ukoo wetu, kwake ulimi wangu unapumzika. Ujanani alimchungia farasi yule mzee mkali, na mpaka leo kila Ijumaa anakuja kutusomea Kurani kwa ajili ya marehemu wetu. Akimaliza, humpakia Kuchuk juu ya tandiko mbele yake, wakaenda hadi chini ya kilima cha makaburi. Pale Dooronbek husimamisha farasi, huinua kofia, na kumwita yule mzee mkali kwa jina lake kwa sauti inayotikisa bonde: "Umelala tu, mvivu wee? Sisi wenzio tunateseka huku!" Kuchuk, ambaye humwita mzee huyo Ata, yaani babu, hucheka mpaka anapaliwa. Nami huwasikia kwa mbali nikiwa nakanda unga, na huinamisha kichwa jina likipita.

"Naenda nanyi," niliwaambia siku ile.

"Wewe kelin unabaki," Shemeji Sharubu akasema. "Watoto wakirudi wakute nyumba tupu?"

"Apa atabaki."

"Apa anapanda gari. Hizo njia za mbuzi anazijua yeye kuliko sisi sote. Haya, kelin, usitucheleweshe na machozi."

"Umeona chozi wapi kwangu?"

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akapanda farasi. Apa alinishika mkono kabla ya kuingia garini. Mkono wake ulikuwa wa baridi na bado unanuka maziwa.

"Washa jiko," akaniambia. "Kaanga boorsok. Harufu ya mafuta ipande juu, wakubwa wetu waisikie huko waliko, watuwekee mkono."

Nikawasha jiko. Nikakanda unga, nikaukata vipande vidogo vidogo, nikavitumbukiza kwenye mafuta. Watoto wangu hawapo, na mimi nakaanga mandazi kwa ajili ya wafu. Nilitamani kulipiga teke lile karai. Lakini nilikaanga, kwa sababu niliogopa kuacha, nikifikiri kwamba nikiacha na lolote likatokea, itasemwa kwamba kelin hakukaanga.

Dirishani nilimwona Shemeji Sharubu akiwapanga watu wake nyuma ya zizi, pale yalipoanzia marundo yetu ya nyasi kavu. Marundo yale yamefuatana mpaka chini ya kilima cha makaburi. Kilima chenyewe ndicho mahali pekee katika bonde letu ambapo sikuwahi kukanyaga. Wanawake hatwendi kule. Tunawalilia wafu mlangoni wakitoka, basi. Wanaume wakakipa kilima kisogo, wakaelekea darajani, maana nani atatafuta watoto wazima makaburini? Kisha wakaanza kuita.

Jina lile sikuwahi kulisikia kwa wingi namna ile. Liliitwa na sauti nzito na nyembamba, likaenda likarudi kutoka mlimani, na ndani ya sauti hizo nilimsikia Dooronbek, ya kwake imejaa kilio. Kila lilipopita mimi niliinamisha kichwa mbele ya karai. Ni mazoea. Sikufikiri kitu kingine chochote.

Baadaye sauti zikavuka mto, zikadidimia, nikabaki na mafuta yanayochemka. Nimeolewa miaka mingi katika nyumba ile na nimezoea kuwa peke yangu, lakini siku ile upweke ulinishinda. Mama yangu alikufa. Ndugu zangu wako mkoa wa mbali, wamenisahau au wana yao. Nilitaka mtu mmoja tu wa kunishika bega aniambie neno, hata la uongo. Nikasimama mlangoni nikamwambia ng'ombe, "Unawaona wapi?" Ng'ombe akanitazama, akaendelea kutafuna. Nikarudi ndani nikageuza boorsok.

Wingu lilikuwa limeanza kushuka gari liliporudi, na farasi nyuma yake. Niliwahesabu kwa macho kabla hawajasimama. Apa alishuka peke yake. Hakuwa na mtoto mkononi.

Shemeji Sharubu akaingia bila kubisha, sauti imemkauka kabisa. Alichota boorsok mbili akazitia mdomoni kwa pamoja, akatafuna akiwa amesimama.

"Vipi?" nikauliza.

"Bado. Tumekuja kuchukua taa na makoti, tunapanda upande wa pili." Akameza. "Mwanao huyo, kelin, ana nta masikioni? Tumemwita toka nyuma ya zizi lako hapo mpaka kule darajani. Mlima umeitika. Mawe yameitika. Mwenyewe kimya."

"Na dada yake mlimwita?"

"Yule mdogo? Kitoto cha miaka miwili kitaitika nini? Anaitwa nani vile?"

Nilikuwa na swali jingine, na sijui lilitoka wapi.

"Mlimwita vipi, Shemeji?"

"Tumwite vipi? Kwa jina lake! Ulitaka tumwimbie?"

Na akalitaja pale pale mbele yangu, jina zima. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa hivyo, macho yangu kwenye boorsok zinazoungua, ndipo nikaelewa.

"Halijui," nikasema.

"Nani halijui?"

"Kuchuk. Hajui kwamba jina hilo ni lake."

"Mtoto wa miaka mitano asijue jina lake? Acha mchezo, kelin, jua linazama."

"Nani amwambie? Mimi? Apa? Baba yake kwenye simu humwita mwanangu, mwanangu, mara simu imekatika. Nyie wenyewe mnakuja hapa kwenye nyama tu, mnamwita kijana. Tangu aadhiniwe sikioni, jina hilo limesemwa lini ndani ya nyumba hii?"

Shemeji Sharubu akamgeukia Apa, akitumaini kwamba atanikanusha. Apa alikuwa ameketi chini karibu na mlango, kitambaa kimemteleza kichwani, na hakukiinua.

"Sisi tunamwita Kuchuk," akasema polepole. "Ee Mola wangu. Kutwa nzima tumemwita babamkwe wangu."

"Basi twendeni tukamwite mbwa," Shemeji Sharubu akasema. Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Sasa hilo jina yeye anajua ni la nani?"

"Ni la Ata wa kilimani," nikasema. "Kila Ijumaa anamsikia Dooronbek akimwita..."

Sikumaliza. Sote watatu tulitazama dirishani. Kilima kilikuwa pale pale, nyuma ya marundo ya nyasi, na theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka.

Nilitoka mbio. Farasi wa Shemeji Sharubu alikuwa bado anapumua kwa nguvu uani, nikashika hatamu.

"Kelin! Kule wewe huendi! Nitakwenda mimi."

"Utakwenda utamwita nani?"

Naye akazishika hatamu.

"Waambie wenzako wasiite tena," nikasema. "Atakayelitamka jina hilo kwa sauti kabla sijashuka, nitamkata ulimi kwa kisu changu cha viazi."

Sijawahi kumwambia shemeji mkubwa maneno kama hayo, wala sijayarudia. Alilegeza mkono, nikapanda.

Njia ya kwenda juu ilikuwa na utelezi na farasi alikuwa amechoka. Nilimpiga visigino nikamwomba radhi kwa pamoja. Huku nyuma bonde lilinyamaza, wanaume walikwisha kuambiwa, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko makelele. Nikaanza kufikiri yasiyofikirika. Nikafikiri kwamba pengine nimekosea, kwamba wako mtoni tangu mchana, na mimi napanda makaburini kama kichaa. Nikamwambia Mungu achukue chochote. Nilimtajia ng'ombe, nikamtajia nyumba, nikamtajia baba watoto, naye anisamehe.

Makaburi yetu yamezungushiwa ukuta wa udongo, na lango ni mti uliofungwa kwa kamba. Nikashuka. Nikasimama langoni, mkono juu ya ule mti, na nakwambia kweli, nilisita. Miaka yote ya kuinamisha kichwa ilinishika miguu. Nikaita nikiwa nje.

"Kuchuk! Kuchu-kuchu-kuchu!"

Ndivyo tunavyowaita watoto wa mbwa waje kula, na ndivyo nilivyomwita tangu alipoanza kutambaa. Theluji ilimeza sauti yangu. Nikajaza kifua niite tena, na kutoka katikati ya makaburi ikaja sauti ndogo yenye hasira.

"Shh! Mama! Jazgul amelala!"

Sikumbuki kulivuka lango. Nakumbuka nyumba za udongo za wafu zikinipita kushoto na kulia, kisha lile jiwe jeusi refu lenye uso wa mzee na kofia yake ndefu vimechongwa juu yake, ambalo nilikuwa nalisikia tu likisimuliwa. Chini yake Kuchuk alikuwa ameketi, mgongo ameuegemeza jiwe. Jazgul alikuwa amelala mapajani pake, amefunikwa koti la kaka yake, na kaka mtu amebaki na shati, midomo imebadilika rangi. Theluji ilikuwa imemkalia kichwani na hakuipangusa, nadhani aliogopa kumwamsha mdogo wake.

Niliwaingiza wote wawili ndani ya koti langu. Jazgul akafumbua macho, akasema "ziwa," ingawa alikuwa ameachishwa zamani, akalala tena.

"Mmefikaje huku, mwanangu? Nani kawaleta?"

"Nimekuja mwenyewe. Nimembeba huyu. Ni mzito huyu, mama."

"Mlikuwa wapi mchana kutwa?"

"Kwenye nyasi. Ndani, kwenye shimo letu, rundo la mwisho. Tulikuwa paka. Jazgul akalala, na mimi nikalala. Halafu watu wakaja wakaanza kumwita Ata." Akanitazama ili ajue kama nimesikia. "Wengi, mama. Wakaita, wakaita, na yeye haitiki. Babu Dooronbek alikuwa analia. Nikasema Ata hasikii, amelala, ngoja nikamwamshe."

"Ukamwamsha?"

"Nimegonga jiwe. Nimegonga sana." Akanionyesha kiganja, kilikuwa chekundu. Kisha akashusha sauti asisikiwe na mwenye kaburi. "Hakuamka. Nikaitika mimi. Nikasema, nipo hapa. Nimesema mara nyingi. Lakini walikuwa wamekwenda mbali."

Hapo ndipo nililia. Hawakuwa wamepotea. Walikuwa wamelala kwenye nyasi zetu wenyewe, nyuma ya zizi letu wenyewe, wakapotea tulipoanza kuwatafuta. Na mtoto aliitika kwa jina lake, peke yake, juu ya kilima, mara nyingi, na sisi wote tulikuwa tumeshampa kisogo.

"Usilie," Kuchuk akaniambia. "Ataamka kesho."

Nilipofika chini wanaume walikuwa wamejipanga kando ya njia, kofia mkononi, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Labda waliogopa kisu changu. Shemeji Sharubu alinipokea Jazgul, akamtazama usoni muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jina lake nani, kelin?" Nikamwambia. Akalirudia mara mbili ili lisimtoke. Dooronbek alitaka kumpokea Kuchuk lakini nguvu za kumwinua hakuwa nazo, akaishia kumbusu viatu.

Nyumbani walikula boorsok zote, hata zilizoungua. Chai ikanywewa birika baada ya birika, na watu walianza kutaniana kwa nguvu, ndivyo wanavyofanya wanaume wakiwa wametoka kwenye hofu. Wakamwambia Dooronbek kwamba sauti yake imewaamsha hadi wafu wa bonde la pili ila yule mmoja. Apa hakucheka. Alikuwa ameketi na miguu ya Kuchuk mapajani pake, akiisugua kwa mafuta ya kondoo.

"Mfundisheni jina lake," akasema, akikatiza mazungumzo. "Nyie wanaume. Leo hii, kabla hamjatoka. Sisi midomo yetu imefungwa."

Basi Dooronbek akamwita Kuchuk, akamweka magotini, akamwambia jina, na akamwambia kwamba ni lake.

"Si langu. Ni la Ata."

"Alikuachia wewe."

"Amelala tu," Kuchuk akasema. "Akiamka atalitaka."

Wakacheka, kisha wakaacha mmoja mmoja. Dooronbek akafuta macho kwa ncha ya mkono wa koti. Akamwambia kwamba siku yule mzee atakapoamka watalitumia kwa zamu, na Kuchuk akafikiri akaona ni haki. Wanaume wakavaa kofia zao wakaondoka kabla daraja halijaganda. Apa hakuniuliza kama niliingia langoni au nilisimama nje. Aliniangalia matope ya viatu, akavichukua akaviosha mwenyewe, na Apa hajawahi kuniosha viatu.

Nyumba ikarudia ukimya wake. Niliwalaza watoto kando ya jiko, Jazgul ukutani, Kuchuk katikati, nami mwisho ili nijue wakiamka. Nyuma ya pazia Apa alikuwa akikohoa kikohozi chake cha kila jioni. Nilidhani Kuchuk amelala.

"Mama."

"Lala."

"Mimi nina mawili. Kuchuk na lile."

"Ndiyo. Una mawili. Ukiitwa lolote, uitike."

Akafikiri. Namjua akifikiri, anajikuna goti.

"Wewe ukipotea, tutaita nini?"

"Utaita mama."

"Wakiita mama watakuja mama wote."

"Basi wataita kelin."

"Makelin ni wengi kijijini! Watakuja wote, halafu wewe hutajua kwamba ni wewe."

Nilitazama juu kwenye boriti. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho ni nani aliyeniita kwa jina langu, na ilikuwa lini, na nikamwona mama yangu tu, mlangoni kwake, siku wanaume wa huku waliponichukua. Machozi yakanitoka upya, ya kimya, yakiteremka kwenye masikio. Niliwasikitikia watoto wangu kutwa nzima, na sasa nilikuwa najisikitikia mwenyewe, na sioni haya kusema.

"Wewe huna jina?" Kuchuk akauliza. Alikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Ninalo."

"Nani?"

Nikaweka mdomo kwenye sikio lake nikamwambia. Sauti yangu ilinigeukia ngeni, nikahisi kwamba nimetaja mtu mwingine.

"Meerim," akasema, akilionja. "Meerim." Na kabla sijamzuia akaketi, akajaza kifua, akaliita kwa nguvu zake zote, vile vile wanaume walivyoita bondeni.

"Meeriiim!"

Kikohozi cha Apa kikakatika. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na ndani hapakuwa na sauti isipokuwa kuni zikitulia jikoni.

"Itika basi, wewe," Apa akasema kutoka nyuma ya pazia. "Husikii unaitwa?"

Nikaitika.